Mwalimu Aliyetuwekea Umeme Jikoni

Mwalimu alikuwa akigusa kila kitu kwanza kwa mgongo wa mkono. Mlango, friji, pasi, nguzo ya chuma ya uani, hata sufuria ambayo haijawahi kukutana na umeme tangu itengenezwe. Ukimkaribisha sebuleni, alinyoosha mkono wake uliogeuzwa, akagusa kiti, ndipo akaketi. Wengi katika mtaa wetu wa Vulamba walimcheka kwa hilo, nami nilikuwa mmoja wao, hadi siku nilipomwuliza. Akanieleza kwamba mkono ukipigwa na umeme hujikunja wenyewe. Ukishika kitu kwa kiganja, utakifumbata kile kile kinachokuua. Ukigusa kwa mgongo, mkono unajikunja kuelekea kwako na kukutoa.

"Mais hiyo hapana kipimo, Mama Masika," akaongeza haraka, kwa Kiswahili chetu kinachochanganya Kifaransa. "Kipimo iko na kazi yake. Hii ni tabia tu, sawa vile wewe unafanya alama ya musalaba mbele ya kula."

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha umeme katika shule ya ufundi hapa Butembo mpaka akazeeka. Alipoacha chaki alishika bisibisi, akaanza kutandaza nyaya katika nyumba za watu. Lakini sauti ya darasani haikumtoka. Alizungumza na mtu mmoja kana kwamba mbele yake wameketi arobaini, na akimaliza kukueleza jambo aliuliza, "Tuko pamoja?" Ukichelewa kujibu, alirudi mwanzo.

Alipenda kupendeza. Sijamwona hata siku moja akitembea barabarani na nguo za kazi. Alikuja kwako amevaa koti na viatu vinavyong'aa, akiwa na mfuko wake wa ngozi, akaomba pahali pa kubadili, akatoka na ovaroli safi na viatu vya soli nene ya mpira. Jioni alirudia koti lake. Katika mji wetu wenye tope jekundu, ambako mvua inaweza kunyesha kabla hujamaliza kusema kuna jua, sijui viatu vile alivisafisha saa ngapi. Mume wangu, Baba Masika, alisema Mwalimu ndiye fundi pekee anayekuja kazini kama padri: anaingia, anavaa, anahudumu, anavua, anaondoka. Mwalimu hakufurahia, kwa sababu yeye alikuwa Mprotestanti, mwimbaji wa kwaya, tena mwenye sauti nzito ambayo haikufuata wenzake sana. Aliimba akifanya kazi. Ukisikia wimbo umekatika ghafla, ujue amekuta kitu kibaya ukutani.

Na vibaya vilikuwa vingi. Zamani umeme kwetu ulikuwa jenereta ya tajiri inayonguruma nyuma ya duka. Nyumba nyingine zote zilikuwa na taa ya mafuta, halafu tochi, halafu vibao vidogo vya jua juu ya mabati. Nguzo zilipofika hatimaye, kila mtu alitaka awashe leo, si kesho. Watu walivuta waya dirishani, wakaipitisha chini ya zulia, wakaunga waya mwembamba wa balbu na jiko la umeme, kisha wakaona ajabu plastiki inayeyuka. Mwalimu alipita mitaani akitazama juu, macho kwenye waya, miguu ikijitafutia njia yenyewe. Akiona kitu, alibisha hodi na kuingia, ameitwa hajaitwa.

Kuna nyumba zilizomkaribisha, na kuna zilizomfukuza. Baba mmoja wa kwetu, muuza nguo za mitumba, alimwambia mbele ya watu, "Mwalimu, mi sikukuita. Unatafuta kazi?"

"Kazi niko nayo," Mwalimu akajibu. "Natafuta batoto bako balale salama. Zima kwanza, halafu unitukane."

Yule baba alizima. Sijui kama alimtukana baadaye, lakini waya wake wa dirishani haukuonekana tena.

Neno alilolirudia kuliko yote ni hili: "Umeme hapana muchawi. Iko na akili moja tu: inatafuta njia ya kurudi kule ilitoka. Donc wewe, usikuwe njia." Alilisema kwa wazee, kwa mafundi seremala, kwa mapadri waliomwita parokiani pamoja na Uprotestanti wake. Alilisema kwa mkewe pia, Mama Mwalimu, ambaye ndiye mtu pekee ninayemjua aliyemshinda. Yule mama alikataa katakata umeme usiingie jikoni mwake. Sebuleni sawa, chumbani sawa, jikoni hapana. Alipika kwa makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, majiko yake madogo ya bati, akiwa ameketi kwenye kigoda, na akiulizwa alisema, "Ile umeme ilishanikamatia bwana. Jiko yangu haitaikamata." Mwalimu alikuwa akitoka kuweka majiko ya umeme ya watu wote wa Vulamba, anarudi kwake kula maharage yenye harufu ya moshi, na ninavyojua aliyapenda hivyo hivyo.

Mwenye sheria zote zile, barabarani alikuwa mtu mwingine. Alipanda pikipiki bila kofia ngumu, ngazi begani, mfuko magotini, na kumhimiza dereva aongeze mwendo kwenye mteremko. Nilimgombeza mara nyingi. "Mwalimu, umeme unauogopa, pikipiki huiogopi?" Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Pikipiki naisikia ikikuja," akasema. Halikuwa jibu, na nadhani alijua.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Kabla ya kugusa waya wowote alikwenda kwenye sanduku la umeme la nyumba, akazima swichi kubwa, akatoa fyuzi, akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha alichukua kipimo chake. Hakukipeleka moja kwa moja kwenye waya uliozimwa. Alikijaribu kwanza pahali penye umeme wa kweli, kwa jirani au kwenye betri aliyobeba kwa kazi hiyo, ili ajue kipimo chenyewe kizima. Baadaye alipima waya aliotaka kuugusa. Baadaye tena alirudi kukijaribu kipimo. Watu walichoka kumngojea. Mimi nilichoka pia, nikamwuliza kama fyuzi ile ina miguu mpaka aifungie mfukoni.

Ndipo aliponieleza habari za mwenzake wa ujanani, mtu wa Luofu, waliyefanya naye kazi katika kiwanda cha kahawa. Mwenzake alikuwa juu darini akitengeneza waya, wamezima swichi chini. Mlinzi wa kiwanda alirudi kutoka kula, akaona mashine zimesimama na taa zimelala, akadhani swichi imejizima. Akaiwasha.

"Mulinzi hakukuwa mutu mubaya," Mwalimu aliniambia. "Aliona giza, akataka kutusaidia. Ile inaniumiza mpaka leo. Kama angekuwa mubaya, ningekuwa na mutu wa kuchukia. Sasa niko na fyuzi mu mufuko tu."

Mjane wa mwenzake aliishi Luofu na watoto wake. Kila mwaka, barabara ikiruhusu, Mwalimu alishuka kumsalimia, akarudi na viazi na maboga, akavigawa mtaani kana kwamba amevilima yeye.

Usidhani alikuwa hakosei. Alikosea, na kwa sauti. Asubuhi moja nilikuwa naye mjini kwenye duka la vifaa vya umeme, pale penye maduka yaliyobanana hata huoni anga. Siku hizo kulikuwa na waya mwingi wa uongo, aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, unaopata moto upesi na kukatika kwenye skrubu. Mwalimu alikuwa ametoka nyumba moja ambako waya wa namna hiyo ulikuwa umechoma ubao wa dari, na hasira haijamshuka. Mwenye duka alimtolea waya mweupe mweupe. Mwalimu akautazama tu, akautupa mezani.

"Hii hapana shaba. Munatuletea kifo mu makartoni!"

Duka zima liligeuka. Mwenye duka aliuvuta ule waya kwake. Alichukua kisu, akaukwangua waya taratibu mbele yetu, na chini ya ule weupe mkatoka wekundu safi. Ilikuwa shaba iliyopakwa bati kwa juu, waya mzuri kuliko yote dukani mle. Mwalimu alichukua mfuko wake akatoka.

Nilifikiri hatakanyaga pale tena. Alasiri alirudi. Alingoja mpaka duka likajaa wateja, akasimama katikati, akasema kwa ile sauti ya darasani, "Asubui nilisema hii waya ni ya uongo. Nilikosa. Ni shaba ya kweli. Muuze, mununue, mi ndiye nasema." Mwenye duka alicheka hadi akashika meza. Tangu siku ile walikuwa marafiki wa kugombana, na bidhaa mpya ikifika, kisu kilitolewa kwanza, Mwalimu akwangue mwenyewe.

Sasa niseme habari za jiko langu, kwa maana humo ndimo nilimjua hasa.

Mimi ninaoka mikate, keki na mandazi kwa kuuza. Miaka mingi nilifanya kazi hiyo katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, machozi yakinitoka kwa moshi mpaka wageni wakidhani nimefiwa. Baba Masika, ambaye husafirisha viazi kutoka Lubero, alipopata nafuu alisema tujenge jiko lililoungana na nyumba, lenye vigae, sinki, dirisha kubwa na tanuri ya umeme. Kuta zilipoinuka, kabla ya lipu, tulimwita Mwalimu.

Alisimama katikati ya jiko tupu, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, akaniambia, "Pika."

"Nipike nini, Mwalimu? Hata jiko hakuna."

"Pika hivyo hivyo. Tanuri iko hapa. Sinki iko pale. Wageni banakuja, una haraka. Pika."

Nikajiona mjinga, lakini nikaanza. Nikachota unga ambao haupo, nikauchekecha, nikageuka kwenye sinki, nikanawa mikono, nikafungua tanuri ya hewa. Baba Masika aliegemea mlango akicheka. Mwalimu hakucheka. Alinifuata nyuma na chaki akiweka alama ukutani. Nilipojipangusa mikono yenye maji kwenye kitenge na kunyoosha mkono upande wa kulia, alisema, "Simama. Hapo ndipo ulitaka kuchomeka mashine ya kupiga mayai?" Nilikuwa nimenyoosha mkono karibu kabisa na bomba. Akapiga mstari mkubwa wa kukataza kutoka kwenye sinki hadi mbali. Ndani ya mstari ule hakuna soketi hata moja mpaka leo.

Akiweka nyaya, alinilazimisha kutazama na kuelewa. Tanuri ilipata waya wake peke yake, mnene, kutoka sanduku hadi ukutani bila kumgawia mtu, na swichi yake ya kujikata. Friji vivyo hivyo. Birika na mashine vilipewa njia yao. Nyaya zilipanda wima au zilikwenda mlalo, hazikukatiza ukuta kwa mshazari hata pale ambapo ingekuwa njia fupi, kwa sababu, alisema, siku moja nitataka kupigilia msumari nitundike kikaango, na sitakumbuka waya ulipita wapi. Nikiona soketi, nijue waya uko juu yake au pembeni yake sawasawa, nipigilie kwingine. Kila pahali nyaya zilipoungana aliweka kisanduku chenye kifuniko, na fundi wa lipu alipokifunika kimoja kwa saruji, Mwalimu alikifukua kwa patasi huku wimbo umekatika.

Waya wa kijani na njano aliuheshimu kuliko yote. Huo ndio unaokwenda ardhini. Kitu cha chuma kikipata hitilafu, umeme unashuka kwa waya huo badala ya kushuka kwa mwili wako, na kile chombo kwenye sanduku kinachohisi umeme unaovuja kinakata mara moja. "Hii rangi hapana kazi ingine," alisema akiuinua juu. "Hata kama waya imekuishia. Hata kama maduka imefunga. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, Mwalimu."

Tulikuwa pamoja mpaka mkesha wa mahari ya Masika.

Masika ni binti yangu mkubwa. Watu wa mchumba wake walikuwa wanakuja kutoka Beni, wazee, mashangazi, na magari ya kukodi. Nilikuwa nimewaambia wanawake wote wa shirika letu la kanisani kwamba keki na mikate ya siku ile itatoka katika jiko jipya. Vigae vilikuwa vinang'aa. Tanuri ilikuwa imesimama pahali pake na karatasi za kiwandani bado ziko mlangoni. Mchana ule Mwalimu alikuja kukamilisha, akachomeka chombo chake cha kupima ardhi, akatembea bustanini, akarudi, akapima tena. Hakuna wimbo.

"Mama Masika, siwezi kuwasha jiko."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasema?"

"Fimbo ya shaba ya ile waya ya ardhi imegonga mwamba. Imejikunja kule chini. Ardhi yenu hapa juu ni mawe, umeme haitashuka. Taa za nyumba sawa. Jiko, hapana."

"Mwalimu, bageni banafika kesho asubui!"

"Najua."

"Unajua na unaniambia leo?"

Shemeji yangu, kaka ya mume wangu, alikuwapo, mtu wa haraka. Akatoa simu, akasema anamjua fundi mwingine anayeweza kuja kuunganisha hiyo tanuri kabla chai haijapoa. Mwalimu akavuta kigoda, akaketi mlangoni pa jiko na koti lake ameshalivaa.

"Muite," akasema. "Akiunganisha, mi siwezi kupigana naye, niko muzee. Mais nitakaa hapa mpaka kesho. Na kila mugeni anaingia, nitamusalimia, nitamuambia hii jiko inaweza kumuua."

Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Shemeji alipandisha sauti. Masika alilia chumbani. Katikati ya kelele zile Baba Masika alipita kati yetu, akaenda kwenye kile kibanda cha mbao ambacho tulikuwa tumeanza kukibomoa, akatoa mbabula moja, akaiweka uani. Akarudi akatoa ya pili. Sote tukageuka kumtazama. Alipoibeba ya tatu, shemeji aliweka simu mfukoni akaenda kumsaidia na gunia la makala.

Basi tulipika uani. Mvua ilikuja, ilikuwa sharti ije. Wanawake wa shirika walileta maturubai, wakayashika kwa mikono juu ya sufuria huku wakiimba, na nyama ikaiva. Keki niliioka kwa jirani, kwenye tanuri ya pipa, ikainama upande mmoja. Mjomba wa mchumba alikula vipande vingi, akasema keki za Butembo zina mlima wake kama Butembo yenyewe. Kila mtu alicheka, na mahari yakapokewa, na Masika alikuwa mzuri sana. Lakini Mwalimu sikumsemesha.

Hakujali. Wiki iliyofuata alikuja na vibarua wawili, wakachimba mtaro kutoka nyumbani hadi chini kabisa mwa bustani, penye migomba, ambapo udongo haukauki. Akazika humo fimbo kadhaa, akaziunga kwa waya mtupu wa shaba, akapima, akapima tena. Kisha aliingia jikoni, akatoa fyuzi kwenye mfuko wa shati, akairudisha pahali pake. Taa ya tanuri ikawaka, nyekundu, ndogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimekunja mikono.

"Sasa pika," akasema, akaondoka.

Miezi ikapita. Mama yangu mzazi, ambaye wajukuu na mtaa wote humwita Koko, alikuwa anaishi kwetu. Koko hakupenda viatu ndani ya nyumba. Asubuhi moja alikuwa anapiga deki jikoni, miguu mitupu, maji yamesambaa kwenye vigae. Nilikuwa uani. Nikasikia kishindo kidogo, kama mtu amevunja kijiti, na redio ikanyamaza. Halafu nikamsikia Koko analalamika.

"Umeme yenu iko na wivu! Nimegusa tu kile kijiko cha moto, vyote vimezima."

Kijiko cha moto alichokitaja si cha kulia; ni jiko dogo la umeme, kile kitu cha sahani moja ambacho mtu alitupa zawadi, cha zamani, na ambacho niliacha kimechomekwa. Nilikwenda kwenye sanduku nikiwa nataka kuinua swichi tuendelee na kazi. Mkono ulikuwa umeshafika. Ndipo nikakumbuka maneno ya Mwalimu: ikijikata, usiinue kabla hujajua ni kwa nini, maana imeona kitu wewe hukukiona. Nikamtoa Koko majini, nikampigia Mwalimu.

Alikuja na pikipiki bila kofia, kama kawaida. Alizima, akapima, akakifungua kile kijiko kwa bisibisi juu ya meza. Ndani, ngozi ya waya ilikuwa imeliwa na joto, na shaba tupu ilikuwa imelala juu ya chuma. Kila aliyekigusa kile chuma alikuwa anagusa umeme wenyewe. Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi. Kisha akamgeukia Koko.

"Koko, ulisikia nini mu mukono?"

"Sawa vile siafu ameniuma. Basi."

"Siafu?"

"Siafu mudogo."

Mwalimu alianza kucheka, akaendelea mpaka akalazimika kuketi, akatoa leso, akajifuta macho, na niliona hakikuwa kicheko tu kilichoyalowesha. Koko alidhani anamcheka yeye, akakasirika, akamwamuru ale. Tukampa ndizi na maharage, akala yote.

Nilipomsindikiza hadi barabarani nilimwambia wasingya, asante ya kwetu, na nikamwambia pia jambo lililokuwa limenikaa. "Mwalimu, mwamba ulikuwapo tangu mwanzo. Ungepima ardhi siku ya kwanza, ningeioka keki ya Masika nyumbani." Nilisema hivyo na hadi leo nasema hivyo.

Alisimama. "Ni kweli," akasema. "Nilipashwa kupima kwanza. Nilifurahia jiko yako, nikasahau kuanzia chini." Na kuanzia hapo, kila nyumba aliyoitwa alianza kwa kutembea bustanini na kipimo, hata kabla ya kupewa kiti.

Habari za siafu wa Koko zilienea haraka. Wanawake wa shirika walitaka kuona kile chombo kilichokata. Mwalimu akaona darasa, na darasa hakuweza kuliacha. Tulimkusanyikia jikoni kwangu, Wakatoliki na Waprotestanti, akatuonyesha kitufe kidogo kwenye sanduku, cha kukijaribu kile chombo kama bado kinafanya kazi. Kila mwanzo wa mwezi ubonyeze. Isipokata, muite fundi siku hiyo hiyo. Alitufundisha kutochomeka plagi juu ya plagi juu ya plagi, kuvuta plagi kwa kichwa chake na si kwa mkia wa waya, na moto wa umeme kutoumwagia maji bali kukata kwanza. Hadi sasa, tukitoka misa ya Jumapili ya kwanza, utasikia mama anamwuliza mwenzake mlangoni pa kanisa, "Umebonyeza?" Mgeni anayesikia hushangaa tunabonyeza nini.

Baadaye Mwalimu na mkewe walihamia Beni, kwa binti yao aliye muuguzi. Baridi ya Butembo ilikuwa inamtafuna Mama Mwalimu magoti. Waliondoka bila sherehe, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiona ngazi kwenye pikipiki nageuka.

Nilimwona tena mwaka huu. Masika, aliyeolewa Beni, alikuwa anabatiza mtoto wake wa kwanza, nikasafiri na keki mapajani tangu Butembo, kila shimo la barabara likinipitia moyoni. Barabara ilikuwa tulivu siku hiyo, tulimshukuru Mungu. Baada ya ubatizo, alasiri, nikauliza nyumba ya muuguzi, nikaonyeshwa.

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, koti mwilini pamoja na joto lote lile la Beni, akigeuza kwa mkono mbegu za kakao zilizoanikwa kwenye turubai kando yake. Nilibisha. Aliinua uso, lakini haukuja kwangu. Ulikwenda kidogo pembeni.

"Nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Masika wa Vulamba."

"Ah! Mama Masika!" Akanyoosha mikono yote miwili hewani, nami nikaenda kuishika. "Karibu. Macho imefunga duka, mama. Daktari anasema ni presha ya mule ndani. Naona mwanga na giza, basi."

Nikakaa. Yeye ndiye aliyeuliza habari za wote, akamcheka Koko, akauliza tanuri inakwendaje. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu aliyevunjika, na sikumkuta. Alisema alifanya kazi mpaka siku aliyoshindwa kutofautisha waya wa buluu na mweusi, na siku hiyo hiyo akaweka bisibisi chini. Sasa kuna mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke, fundi wa umeme hapo Beni, anayepita kila mara kumsomea vipimo vya kazi zake. "Nikisikia namba mubaya, namugombeza," alisema kwa raha. "Anarudi kufanya upya. Donc bado nafundisha."

Mama Mwalimu alituletea chai. Tulikaa mpaka jua likapungua. Redio ya jirani ilikuwa inacheza, halafu ikakatika, na feni iliyokuwa ikizunguka ndani ikasimama. Umeme umekwenda. Tukaendelea kuzungumza. Mbu walianza, na nikamwambia nitafute pikipiki kabla giza halijaingia kabisa. Alisimama anisindikize hadi lango, mkono wake begani kwangu, na hapo langoni, tukiwa tunangoja, umeme ukarudi.

Unajua watoto wanavyofanya. Mtaa mzima ulilipuka kwa kelele, "Courant! Courant!", kutoka uani hadi uani, vifijo, sufuria zikigongwa. Mwalimu alisimama akisikiliza, kichwa ameinamisha kidogo.

"Mama Masika," akasema. "Unaona taa wapi?"

"Hapo mbele, kwenye duka la sabuni."

"Na wapi tena?"

"Nyumba ya pili, dirishani. Kuna mama anafunga pazia."

"Na wapi?"

Pikipiki ilifika ikasimama, dereva akanitazama. Nikamwonyesha kwa mkono angoje. Nikamwambia Mwalimu taa ya kanisa, na taa ya kinyozi, na balbu moja tupu juu ya meza ya muuza chapati, na dirisha lile la mbali sana ambalo sikuweza kujua ni la nani, na kila nilipomaliza moja aliitikia kwa kichwa na kungoja nyingine.